Mkazi, mwanaharakati au mhuni? Majina tunayowabandika watetezi wa mazingira

Msomaji mmoja wa safu hii aliniandikia majuzi akitaka kujua iwapo neno ‘mwanaharakati’ ni sifa au ni tusi. Binti yake yuko chuoni na amejiunga na kikundi cha vijana wanaoandamana kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kila anapowaeleza majirani kwamba binti huyo amekuwa mwanaharakati, majirani humpa pole. Mmoja wao alifikia hatua ya kumuuliza, “Kwani hakupata kozi?”

Swali la mzazi huyu linaonekana dogo, la kufungua kamusi na kufunga. Nililifikiria kwa wiki mbili. Nimegundua kwamba kamusi itatupa nusu ya jibu tu. Nusu ya pili imo vinywani mwetu, mimi nikiwemo.

Tuanze na kamusi. ‘Harakati’ ni neno lenye asili ya Kiarabu. Mzizi wake ndio huohuo uliotupa ‘haraka’, na maana yake ya msingi ni mwendo, mtikisiko, kutotulia. Mwanaharakati basi ni mtu wa mwendo, mtu aliyekataa kukaa kitako. Hapo hamna sifa wala tusi. 

‘Maandamano’ nalo limetokana na kitenzi ‘andama’, yaani fuata. Mwezi unapoonekana mara ya kwanza tunasema umeandama. Ukiongeza kiambishi cha kutendana unapata ‘andamana’, yaani kufuatana, kwenda pamoja. Bi harusi huandamana na wapambe wake. Jeneza huandamana na waombolezaji. Katika mzizi wa neno hili hamna jiwe, hamna tairi linalowaka, hamna kitoza machozi. Hayo yote tumeyaongeza sisi, na mengine yameongezwa na historia yetu.

‘Mhuni’ ndilo lenye kisa kirefu. Kamusi za zamani zilimweleza mhuni kuwa ni kapera, mtu asiye na mke wala makao maalumu, mzururaji. Kosa lake halikuwa kupiga wala kuiba. Kosa lake lilikuwa kutofungwa na nyumba. Leo neno hilo tunamrushia yeyote aliye barabarani wakati sisi tunataka kupita.

Nasema ‘sisi’ kwa sababu nimo. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2024, nilikuwa kwenye matatu asubuhi moja nikielekea chuoni kusikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu yake. Magari yakasimama. Mbele yetu wakazi wa mtaa mmoja ulio kando ya mto walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na magogo. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Kwa kuwa mazoea ya kazi hayana likizo, nilianza kunasa maneno ya abiria. “Hawa hawana kazi.” “Ni wa kulipwa hao.” “Si waende kwa ofisi ya chifu?” Makanga akatoa hukumu ya mwisho: “Wahuni tu, wazee. Polisi wakikuja mtaona vile watatoroka.” Mzee mmoja aliyeketi kando yangu akanigeukia, “Au sio, mwalimu?” Nami nikajibu, “Ndiyo.” Nilikuwa nimechelewa na nilikuwa na hasira. Sikuuliza wale watu walitaka nini.

Juma lililofuata nililipeleka tukio lile darasani. Niliwaandikia wanafunzi wangu wa isimujamii vichwa vitatu vya habari nilivyovitunga mwenyewe: ‘Wahuni walemaza usafiri’, ‘Wanaharakati wafunga barabara’ na ‘Wakazi waandamana’. Niliwataka waeleze jinsi uteuzi wa nomino unavyomwelekeza msomaji. Walifanya vizuri. Walisema la kwanza linamtaka msomaji awachukie wale watu, la pili linamtaka awashuku, na la tatu linamtaka awasikilize. Walichambua hata kitenzi ‘lemaza’, ambacho humfanya aliyefunga barabara afanane na aliyemvunja mtu mguu.

Nikiwa tayari kufunga kipindi, mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliinua mkono. “Prof,” akasema, “hakuna hata kichwa kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba mto ulikuwa umeingia kwa nyumba zao.”

Alikuwa na haki. Wakazi wale walilalamikia jengo lililokuwa likijengwa kwenye ardhi oevu. Kwa maelezo yao, jengo hilo liliziba njia ya maji, na mvua ilipokuja maji yakatafuta njia nyingine, kupitia vyumbani mwao. Mimi nilikuwa nimetunga vichwa vitatu, nikabadilisha majina ya watu mara tatu, na mara zote tatu nikaiacha sababu nje. Nilidhani nawafundisha kuhusu upendeleo wa lugha, kumbe niliwaletea wangu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo la sarufi ambalo wengi hawalitambui.

Neno ‘mabadiliko’ limetokana na ‘badilika’. Hiyo ni kauli ya kutendeka. Kauli hii hueleza hali bila kumtaja mtendaji. Kikombe kimevunjika, nani alikivunja? Sarufi haijali. Tunaposema ‘mabadiliko ya tabianchi’ tunasema kwamba tabianchi imebadilika, basi, kama vile mtoto aliyebalehe. Sehemu ya pili ya istilahi hiyo huongeza utata. Neno ‘tabia’ katika mazungumzo yetu ya kila siku ni mwenendo wa mtu. Nimewahi kumsikia mkulima akiuliza iwapo tabianchi imebadilika kwa sababu wananchi wameharibika tabia.

Linganisha na ‘uchafuzi’ au ‘uharibifu’. Maneno haya yametokana na ‘chafua’ na ‘haribu’, vitenzi vinavyohitaji mtendaji. Palipo na uchafuzi pana mchafuzi. Palipo na uharibifu pana mharibifu. Hakuna anayeweza kuwa ‘mbadilikaji’ wa tabianchi akapelekwa mahakamani.

Sisemi tuitupe istilahi hiyo. Imekwisha kukita mizizi, na wataalamu walioibuni walikuwa na sababu zao. Nasema tu kwamba inaficha jambo ambalo sayansi hailifichi. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza suala hili, ilisema waziwazi mwaka 2021 kwamba shughuli za binadamu ndizo zilizopasha joto anga, bahari na nchi kavu. Kuna mtendaji. Tena watendaji hawakulingana. Afrika yote kwa pamoja hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya gesi hizo. Mtu anayeandamana anajaribu kumrudisha mtendaji katika sentensi. Ndiyo maana anaudhi.

Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Gazeti la Guardian la Uingereza lilibadilisha mwongozo wake wa lugha mwaka 2019, likawashauri waandishi wake watumie maneno mazito zaidi, kama vile dharura ya tabianchi au mgogoro wa tabianchi. Kule Ujerumani kuna jopo la wanaisimu ambalo kila mwaka huteua neno baya la mwaka, yaani neno linalodhalilisha au kupotosha. Kwa mwaka 2019 lilichagua ‘Klimahysterie’, yaani wazimu wa tabianchi. Kwa mwaka 2022 likachagua ‘Klimaterroristen’, magaidi wa tabianchi. Waliokuwa wakiitwa magaidi ni vijana waliokuwa wakijibandika barabarani kwa gundi ili kuzuia magari. Jopo lilieleza kwamba kumwita mtu gaidi kwa sababu ameketi barabarani ni kumlinganisha na muuaji, na kwamba baada ya hapo hakuna anayeuliza anachokidai. Wanaisimu hao hawakusema kuziba barabara ni jambo jema. Walisema neno lile ni la uongo. Hizo ni hukumu mbili tofauti, nasi tuna mazoea ya kuzichanganya.

Chukua mfano unaojulikana zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2022 vijana wawili wa kundi la Just Stop Oil walimwagia supu ya nyanya mchoro wa alizeti wa Van Gogh katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Dunia ilishtuka. Mchoro wenyewe ulikuwa nyuma ya kioo na haukudhurika. Fremu ndiyo iliyoharibika. Mnamo Septemba 2024 mmoja wao alifungwa miaka miwili na mwenzake miezi 20. Miezi miwili kabla ya hapo, Roger Hallam, mmoja wa waasisi wa kundi hilo, alikuwa amehukumiwa miaka mitano kwa kupanga kufungwa kwa barabara kuu ya M25, kifungo ambacho mahakama ya rufaa ilikipunguza hadi miaka minne mwaka 2025. Mwaka huohuo kundi likatangaza kusitisha vitendo vyake, likisema dai lake la kwanza, kwamba Uingereza isitoe leseni mpya za mafuta na gesi, lilikuwa limekuwa sera ya serikali.

Je, umma uliwapenda? La. Waingereza wengi hawakupendezwa nao hata kidogo. Lakini watafiti walioandika katika jarida la Nature Sustainability mwaka 2024 waliwauliza watu maswali kabla na baada ya kufungwa kwa M25 mnamo Novemba 2022. Waligundua kwamba waliofahamu zaidi habari za Just Stop Oil walizidi kuliunga mkono kundi jingine la mazingira lenye upole zaidi, Friends of the Earth. Wahenga wetu wangelielewa jambo hili bila takwimu: katika kila ukoo kuna mjomba mkali, na ukali wake ndio huwafanya watu wakimbilie kuzungumza na mjomba mpole.

Hapa nyumbani hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wabunge walimkejeli hadharani. Hawakuchambua hoja yake kuhusu bustani; walitaja talaka yake. Hapa ikumbuke ile maana ya kale ya mhuni, mtu asiyefungwa na ndoa wala nyumba. Tusi lilikuwa lilelile, likielekezwa kwa mwanamke mwenye shahada ya uzamifu, wa kwanza kuipata Afrika Mashariki na Kati. Jumba halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, alishambuliwa na kujeruhiwa kichwani, na alipopiga ripoti polisi alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, na waliomcheka wakapiga makofi.

Jumamosi asubuhi Karura hujaa watu wanaokimbia na kutembeza mbwa. Nami hutembea huko kwa agizo la daktari wangu. Nina hakika baadhi yetu tunaovuta hewa ile tuliwahi kusema mama yule alikuwa hana kazi.

Kwa sababu hii, ninapoulizwa kama umma unapinga mbinu za wanaharakati, huuliza kwanza ni umma wa mwaka gani. Mwaka 1966 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 63 ya Wamarekani walikuwa na mtazamo hasi kuhusu Martin Luther King. Leo ana sikukuu ya taifa.

Isidhaniwe kwamba anayechukiwa leo lazima atatukuzwa kesho. Hiyo ni hoja ya kizembe. Kuna waandamanaji waliochukiwa kwa sababu walistahili kuchukiwa. Anayezuia ambulensi hawezi kujitetea kwa jina la Maathai. Anayechoma matairi akidai hewa safi anajipinga mwenyewe, na moshi wake unaingia kwanza kifuani mwa mama anayeuza mboga pale kando, si kifuani mwa mwenye kiwanda. Mbinu inapaswa kupimwa: inamuumiza nani, na je, anayeumia ndiye aliyekosea? Wale wakazi wa mtoni walinichelewesha mimi na makanga, nasi hatukujenga chochote kwenye ardhi oevu. Hilo ni kosa la kweli na sina haja ya kulifunika. Lakini niliposema ‘ndiyo’ kwenye matatu, sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa nimeitikia jina tu.

Majina hayaishii kwenye matatu. Yana nguvu ya kisheria. Nchini Uganda, wanafunzi walioandamana Kampala kupinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, wamekamatwa na kushtakiwa kwa kosa la kuwa kero kwa umma. Tafakari neno hilo ‘kero’. Nzi ni kero. Muziki wa jirani usiku ni kero. Mtu akishaitwa kero, anachokisema hakina uzito kuliko mlio wa nzi. Huku kwetu Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Katiba haikutaja wahuni. Ilisema ‘kila mtu’.

Vilevile sikubaliani na wanaosema kwamba kuandamana ni kwa wasiojua kwenda mahakamani. Wakazi wa Lamu waliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe walifanya yote mawili. Waliandamana, wakawasilisha kesi, na mnamo Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Kitaifa kuhusu Mazingira ikaifuta leseni ya mradi ule. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ukitazama kwa makini, hilo nalo ni suala la lugha. Huwezi kumshirikisha mvuvi kwa ripoti asiyoweza kuisoma.

Nisipowakosoa wanaharakati wenyewe nitakuwa nimefanya kazi nusu. Vijana wetu wengi huandika mabango yao kwa Kiingereza cha mikutano ya kimataifa. Wanapotafsiri, hutuletea ‘haki ya tabianchi’ na ‘mpito wa haki’, maneno ambayo mama mboga huyapita kama anavyopita tangazo la zabuni. Halafu wanashangaa umma unapowaona kuwa watu wa wafadhili. Kamera zinazoangaliwa ni za ng’ambo, basi lugha nayo inaelekezwa ng’ambo. Lakini hata kamera hizo si rafiki wa kutegemewa: Januari 2020 shirika moja la habari lilimkata Vanessa Nakate wa Uganda kutoka kwenye picha aliyopigwa Davos pamoja na wanaharakati wenzake wazungu. Aliyeondolewa ndiye Mwafrika pekee aliyekuwamo.

Kinyume chake, wale wakazi wa mtoni hawakuwa na neno tabianchi hata moja. Walisema ‘maji’, wakasema ‘nyumba’, wakasema ‘watoto’. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahesabu kuwa watetezi wa tabianchi. Nadhani hili ndilo pengo letu kubwa: wenye istilahi hawana mafuriko, na wenye mafuriko hawana istilahi. Mwandishi wa Kiswahili ndiye anayeweza kuwakutanisha.

Ninalo tumaini moja lenye takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Climate Change uliwahoji takriban watu 130,000 katika nchi 125. Asilimia 89 walitaka serikali zao zifanye zaidi kuhusu tabianchi. Lakini watu hao hao walipoulizwa kuhusu utayari wa wenzao kuchangia, walikisia chini ya ukweli. Walidhani walio tayari ni wachache kuliko walivyo kweli. Nikisoma matokeo yale nilikumbuka ile matatu. Inawezekana kwamba nusu ya abiria walikuwa na nyumba zilizoingia maji msimu ule, na kila mmoja alinyamaza kwa kudhani wengine wote wanakubaliana na makanga. Mimi niliyeitwa ‘mwalimu’, ambaye neno langu lingepewa uzito, niliwapa sababu zaidi ya kunyamaza.

Kwa wanahabari wanaosoma safu hii, nina ombi moja la kitaaluma. Kabla hujaandika ‘maandamano yageuka kuwa vurugu’, kumbuka kwamba maandamano hayajigeuzi. Kuna aliyerusha jiwe la kwanza au kitoza machozi cha kwanza. Kama unamjua, mtaje. Kama humjui, usitumie sarufi kumficha. Halafu mwambie msomaji, katika aya ya kwanza wala si ya tisa, watu hao walitoka nyumbani kwa sababu gani.

Kwa mzazi aliyeniandikia: ‘mwanaharakati’ si sifa wala tusi. Ni jina la kazi ambayo haijakamilika. Majirani wakikupa pole, usigombane nao. Waeleze binti yako anachokidai, kwa maneno ya pale mtaani, kisha wape nafasi wakubali au wakatae. Akifunga barabara, muulize amemfungia nani. Akikosea, mwambie, kwa kuwa wewe ni mzazi wake. Ila usikubali akosolewe kwa jina alilobandikwa kabla hajasikilizwa.

Yule mwanafunzi aliyeketi nyuma nilimwomba atunge kichwa chake cha habari. Alifikiri kidogo, akaja mbele, akafuta vyangu vitatu ubaoni na kuandika: ‘Mto waingia nyumbani, wakazi waingia barabarani’. Niliuacha ubao vile vile kwa ajili ya kipindi kilichofuata.